Uso, Kanga na Kamera

Nyumba nyingi za Moa zina bahasha ya picha. Aghalabu ni bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa, nayo hukaa sandukuni pamoja na vyeti vya ndoa na hati za minazi. Wageni wanapokuja hufunguliwa, na wakubwa huanza kuwataja watu: huyu ni fulani, kafia Pemba, huyu ni shangazi yenu kabla hajaolewa Vanga. Kwa asiyepajua, Moa ni mji mdogo wa wavuvi kaskazini ya Tanga, upande wa baharini wa barabara ya Horohoro, wenye mikoko na minazi, na mpaka wa Kenya uko karibu kiasi kwamba harusi zetu nyingi zina upande mmoja huku na upande mwingine kule. Mtu akifia ng'ambo, mara nyingi kinachobaki kwetu ni ile picha.

Nimezitazama bahasha hizo kwa jicho la kazi, kwani riziki yangu niliipata kwa kupiga picha tangu mwisho wa miaka ya 1970, kwanza kwa filamu na baadaye kwa kamera za dijitali. Na liko jambo ambalo msomaji anaweza kulihakikisha mwenyewe ikiwa kwao ni pwani. Picha za nyeusi na nyeupe za miaka ya 1950 na 1960, zilizopigwa studio za mjini, zinaonyesha uso. Unaona kipini puani, unaona kovu la utotoni, unaona mtu anataka kucheka lakini amekatazwa. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zina anga la buluu na kanga zinazowaka, lakini uso ni kivuli chenye macho na meno. Tumezoea kusimuliwa historia ya kamera kama ngazi ya kupanda tu, kila mwaka afadhali kuliko mwaka uliopita. Basi imekuwaje bibi anaonekana na binti yake, aliyepigwa kwa kamera ya kisasa zaidi, haonekani?

Picha za mwanzo kabisa za watu wetu nazo hazikuwa na huruma. Wajerumani walipiga picha nyingi katika koloni lao la Afrika Mashariki. Mmoja wao, Walther Dobbertin, aliacha mkusanyiko mkubwa ambao sasa umo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, zikiwemo picha za askari wa Lettow-Vorbeck katika vita vya 1914 hadi 1918. Vita hivyo vilifika mlangoni petu, maana mapigano ya Jasini ya tarehe 18 na 19 Januari 1915 yalipiganwa jirani kabisa na Moa. Ukitazama picha za enzi hizo utadhani askari wote walikuwa weusi wa namna moja, kama waliopakwa masizi. Sehemu ya sababu ni kemikali. Bamba nyingi za zamani zilikuwa haziuoni wekundu. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba bamba likitiwa rangi maalumu huanza kuhisi na rangi nyingine, na mwaka 1906 bamba zinazohisi rangi zote zilikuwa madukani Uingereza, lakini zile za aina ya zamani ziliendelea kutumika kwa miongo mingi. Ngozi ya kahawia hurudisha mwanga mwekundu mwingi na wa buluu mchache. Bamba lisilouona wekundu, kwa hiyo, huifanya ngozi hiyo nyeusi kuliko ilivyo. Mtu aliyeishika picha ile Berlin, ambaye hajawahi kumwona Mdigo wala Msegeju, hakuwa na njia ya kujua kwamba weusi mwingine uliongezwa njiani.

Kisha ukaja wakati wa studio, na hapo ndipo nyuso zilipopona. Unguja walikuwapo kina Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Mombasa, Studio ya Parekh ilianza mwaka 1942. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyekuwa akiunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Watu wa Moa walikwenda Mombasa na Tanga, wakavaa vizuri, wakaketi mbele ya pazia lililochorwa. Filamu ya wakati huo ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, lakini ilihisi rangi zote, na jambo kubwa zaidi ni kwamba aliyepiga picha ndiye aliyeisafisha na kuichapa, au kama si yeye basi kijana wake aliyeketi chumba cha pili. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa na kipande cha kadi alichokichomeka kwenye waya. Akichapa picha, alikipitishapitisha kati ya taa na karatasi, juu ya uso, ili karatasi pale isipate mwanga mwingi ikaungua. Kanzu ilibaki nyeupe na uso ukabaki uso. Hakuwa na kipimo cha kazi hiyo ila kumbukumbu yake ya mtu aliyekuwa ameketi kitini saa mbili kabla.

Picha ya rangi yenyewe ni wazo la zamani. Inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilionyeshwa London tarehe 17 Mei 1861 na James Clerk Maxwell: utepe wa kitambaa cha Kiskoti uliopigwa mara tatu, kupitia chujio jekundu, la kijani na la buluu, halafu picha tatu zikaunganishwa ukutani kwa taa. La ajabu ni kwamba bamba zake zilikuwa karibu hazihisi wekundu kabisa. Miaka 100 baadaye wataalamu waligundua kwamba utepe ule mwekundu ulikuwa ukirudisha pia miale isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo iliyochapwa. Picha ya rangi ilizaliwa kwa bahati, na kwa kweli haikuacha tabia hiyo. Filamu ya Kodachrome ilitoka mwaka 1935. Kwetu rangi ilianza kuenea miaka ya 1970, na ilipoenea ilimwondoa fundi wa chumba cha giza. Filamu ya rangi ilitaka mashine, dawa zenye joto lisilobadilika, na maabara. Tulizifunga filamu zetu na kuzipeleka mjini, na picha zikarudi zimechapwa na mtu asiyemjua hata mmoja kati ya waliomo.

Mtu huyo naye alihitaji kipimo. Kodak walikuwa wakiwapelekea wenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na kazi ya mwenye mashine ilikuwa kurekebisha mpaka ngozi ya mwanamke yule itoke vizuri. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa mwanzo. Shirley akitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imekaa sawa, na waliobaki wote duniani walichapwa kwa kipimo chake. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyewahoji waliokuwa wakubwa wa Kodak na kuchapisha utafiti wake mwaka 2009, aliambiwa kwamba malalamiko yaliyosukuma kampuni kuitengeneza upya filamu ili ione vizuri rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka chokoleti nyeusi itofautike na ya maziwa na mbao moja itofautike na nyingine. Wazazi wenye watoto weusi, ambao watoto wao walipotea katika picha za shule, hawakuwa na sauti ya kufika huko. Inasimuliwa pia kwamba Jean-Luc Godard, mtengeneza sinema wa Ufaransa, alipoalikwa Msumbiji mwaka 1977 alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katikati ya miaka ya 1990. Wakati huo bahasha za Moa zilikuwa zimekwisha kujaa.

Haya yangekuwa mambo ya kemia tu kama watu wasingeyaamini. Lakini waliyaamini. Bibi harusi akiletewa picha na kujiona amekuwa kivuli ndani ya gauni jeupe, hasemi filamu ina kasoro. Anasema, kumbe mimi ndivyo nilivyo. Nilisikia neno hilo kwa namna nyingi. Wateja walikuja na ombi moja, hasa wanawake: «Mwanangu, nitoe mweupe.» Wengine walijipaka poda mpaka shingo na uso vikawa vya watu wawili. Sisemi mkorogo uliletwa na kamera, maana una sababu zake nyingi na za zamani, lakini nasema kamera ilikuwa shahidi wa uongo aliyeitwa katika kila harusi, na ushahidi wake ukabandikwa ukutani.

Sisi wapiga picha tulijitetea kwa njia zetu. Tuliwaweka watu chini ya kivuli cha mkungu, mbali na jua la saa sita. Tulitandika shuka jeupe mchangani mbele yao ili mwanga uruke uingie usoni. Na tulijifunza kutoiamini sindano ya kipima mwanga. Kipimo hicho hudhani kwamba vitu vyote vikichanganywa hutoa kijivu cha wastani. Kikiona kanzu nyeupe kinapunguza mwanga, na mwenye kanzu anapotea. Kikiona buibui kinaongeza mwanga, na buibui linakuwa la majivu. Maskini mume na mke wakisimama pamoja, kila mmoja na vazi lake! Ilibidi upime uso peke yake, kwa kusogea karibu, na wazee hawakupenda kusogelewa hivyo.

Kamera za dijitali nazo zilitoka katika nyumba ileile ya Kodak. Mwaka 1975 kijana mhandisi, Steve Sasson, aliunda huko kamera isiyo na filamu. Ilikuwa na vitone 10,000 tu, yaani 100 kwa 100, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja, tena isiyo na rangi, katika kaseti. Mwaka uliofuata, 1976, mwenzake katika kampuni hiyo, Bryce Bayer, alipata hataza ya mpango wa kuipa rangi, na mpango wake ndio uliomo mpaka leo katika karibu kila simu na kamera. Ni vyema tuuelewe, kwani umeficha jambo ambalo wauza kamera hawalisemi. Kila kitone cha kamera, au pikseli, kinaona rangi moja tu. Nusu ya vitone vimefunikwa kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kijani kilipewa nusu kwa sababu jicho la mwanadamu hutambua mambo madogomadogo zaidi kwa kijani. Rangi mbili zinazokosekana katika kila kitone hukisiwa kwa kutazama vitone vya jirani. Kwa hiyo kamera iliyoandikwa megapikseli 6, yaani vitone milioni 6, inauona wekundu kwa vitone milioni moja na nusu, na uliobaki ni hesabu ya kukisia.

Sasa fikiria kanga nyekundu, na jina lake limeandikwa kwa rangi nyeusi pale chini. Ilikuwa mtihani niliouamini kuliko namba za kwenye sanduku. Mnamo 2008 nilipata kuwa na kamera tatu kwa wakati mmoja: ndogo ya megapikseli 2, kubwa ya lenzi za kubadilisha ya megapikseli 6, na ndogo mpya ya megapikseli 10 ambayo mwenye duka aliisifu sana. Nilimsimamisha jamaa yangu mmoja amevaa kanga nyekundu, na mumewe pembeni yake katika kanzu na kofia ya viua, asubuhi, kivulini, hatua nne kutoka kwangu. Nikachapa zote kwa ukubwa wa kawaida, sentimita 10 kwa 15.

Kwa ukali wa picha hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Wala si ajabu: karatasi ya ukubwa huo, ikichapwa nukta 300 kwa inchi, inatumia vitone 1,200 kwa 1,800, jumla milioni mbili na kidogo. Zilizozidi hazina pa kukaa. Nilipozikuza ndipo jina la kanga lilipoanza kusema ukweli. Ile ya 2 ilisoma herufi nusu. Ile ya 6 ilisoma zote. Ile ya 10 iliyosifiwa ilikuwa chini ya ile ya 6, kwa sababu vitone vyake vingi vilisongamana katika kioo kidogo kama ukucha, kila kimoja kikapata mwanga haba, na ndani ya wekundu zikazagaa chengachenga ambazo kamera ilizifuta pamoja na herufi. Zile nyuzi za kofia, katika kamera moja, zilitoa mawimbi ya rangi ya zambarau ambayo fundi wa kofia hakuyashona.

Rangi ilikuwa ugomvi mwingine kabisa. Kamera moja iligeuza kanga kuwa ya machungwa. Nyingine iliijaza wekundu mpaka mikunjo ikapotea, kitambaa kikawa kama kipande cha karatasi. Na uso wa yule bwana, chini ya kofia, ulitoka wa kijivu katika mbili kati ya tatu, rangi ya mtu mgonjwa. Mashine hazikuwa na kosa la kuvunjika, zilifanya zilivyofundishwa. Hata kamera za bei kali zimeaibika katika jambo hili. Leica walipotoa M8 mwaka 2006, vitambaa vyeusi vya nailoni vilitoka vya zambarau, kwani kamera ilikuwa ikihisi miale isiyoonekana kwa macho, na kampuni ikalazimika kuwapelekea wanunuzi chujio bure. Mimi sikuwahi kuishika kamera hiyo, lakini nikisoma habari zake niliwaza juu ya mabuibui yetu tu.

Kuna na hesabu ya mwanga yenyewe. Kamera nyingi za wakati ule ziliweza kuugawa mwanga katika ngazi 4,096. Ungetarajia zigawiwe sawa, lakini kamera huhesabu mwanga kama mtu anayehesabu nazi, moja moja. Na kila mwanga unapopungua nusu, ngazi nazo hupungua nusu. Sehemu angavu kabisa ya picha, pale ilipo kanzu, huchukua ngazi 2,048. Inayofuata 1,024, kisha 512, kisha 256. Uso mweusi kivulini unakaa huko chini na kugawiwa makombo, na ukijaribu kuuinua baadaye kwa kompyuta unainua na uchafu wote. Haikukusudiwa dhidi ya mtu. Ila aliyezaliwa mweupe inamdhuru kidogo.

Wapimaji wa rangi wana ubao wao mashuhuri, uliotoka mwaka 1976, wenye miraba 24. Miraba miwili ya kwanza ni ngozi: mmoja ngozi nyeusi, mmoja ngozi nyeupe. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba hatukuwamo kabisa. Lakini ule mraba wa kwanza ni kahawia ya wastani, na wavuvi wetu wengi wanaupita kwa weusi bila taabu. Mraba mmoja kwa watu wote, kuanzia Mbarawa aliyechanganya mpaka Mmakonde aliyekuja kukata mkonge! Mwaka 2022 ilitolewa skeli ya ngozi yenye ngazi 10, iliyobuniwa na profesa Ellis Monk pamoja na Google, ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wametoa simu waliyodai inaona kila ngozi. Haki isemwe, kabla yao watengenezaji wa simu za Tecno, Wachina waliokuja kuuza kwetu huku, walikwisha kurekebisha kamera zao kwa nyuso nyeusi, kwa sababu rahisi kwamba hao ndio waliokuwa wateja wao.

Na si mambo ya urembo tu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu zinazotambua nyuso kwa picha 1,270 za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwamo. Kwa wanaume weupe programu hizo hazikukosea hata mara moja katika mia. Kwa wanawake weusi, moja ilikosea zaidi ya mara 34 katika kila mia, na lililoulizwa lilikuwa tu kama huyu ni mwanamume au mwanamke. Kwa sisi wa mpakani, ambao kitambulisho huonyeshwa tukienda kuzika tu, picha inayokataa kufanana na mwenyewe ni jambo la kukosesha mtu safari.

Simu za leo zina megapikseli 50, nyingine 108, na wengi wa vijana wetu wanazo. Ukali upo wa kutosha na kusaza. Lakini washa kile kinachoitwa urembo, ambacho katika simu nyingi huja kimewashwa tayari, uone: ngozi inalainishwa, pua inapunguzwa, na rangi inapandishwa. «Nitoe mweupe» imekuwa kitufe. Mimi nakizima kila ninaposhika simu ya mtu, nao wananiona mzee mkorofi.

Kazi ninayoifanya sasa ni nyingine. Filamu ya rangi hubeba mwanga mwingi kuliko karatasi inavyoweza kuonyesha, na hilo lina maana kwamba baadhi ya nyuso zilizopotea hazikupotea kamerani, zilipotea mashinani, kwa yule mtu na kadi yake. Kwa hiyo nazitafuta filamu zenyewe, zile negativu ambazo watu waliziacha chini ya bahasha wakidhani ni takataka. Naziweka juu ya kioo chenye taa, nazipiga kwa kamera ya megapikseli 24, nauondoa ule utando wa rangi ya chungwa, kisha napima kwa uso na kuiacha kanzu ijitafutie. Nyingine hazina kitu. Pale penye uso filamu ni angavu kama dirisha, mwanga haukuwahi kufika. Nyingine zimeliwa na ukungu, na ziko zinazonuka siki, ambazo hazina muda mrefu, kwa joto letu na chumvi ya bahari. Katika kila mkanda hutoka nyuso mbili tatu. Juzi alitoka mwanamke kijana, nyuma ya wengine, harusini, ana ndui shavuni na tabasamu la kujificha. Nimempeleka nyumba tano. Bibi mmoja alimtazama sana, akasema labda ni mtu wa Vanga, niwaulize huko mwezi huu maana waliokuwapo wamebaki wawili. Bado nina mikanda 31.